SIHA YA NYUMBANI: Baridi ya Julai, Mama Mja Mzito na Mtoto Mchanga

Katika nyanda za juu za Kenya, tangu Juni hata Agosti, jua huadimika. Kule Limuru, Kinangop, Molo na Nyahururu mawingu hushuka asubuhi yakafunika mashamba, na usiku mwingine sakitu huunguza majani ya viazi. Mtu mzima huvaa koti lake akaenda kazini. Lakini wamo nyumbani watu wawili ambao msimu huu huwaelemea zaidi: mama mwenye mimba, na mtoto aliyezaliwa juzi. Na lipasalo kujulikana kwanza ni hili, kwamba mtoto mchanga anayeshikwa na baridi aghalabu halii. Hunyamaza.

Tumboni mwa mama mtoto hukaa katika joto la nyuzi 37 hivi, usiku na mchana. Anapozaliwa mwili wake umelowa, na maji yale yakaukapo huchukua joto lake, kama nguo mbichi imtiavyo mtu ubaridi penye upepo. Ngozi yake ni nyembamba, kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na kiwiliwili, wala hawezi kutetemeka kama mtu mzima. Anayo akiba kidogo ya mafuta ya namna ya pekee, shingoni na kati ya mabega, ambayo mwili huyachoma ili kupata joto. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, akiba yake ni ndogo zaidi. Ikipungua, miguu huwa baridi, kisha tumbo. Mtoto hunyonya kwa uvivu, na mwisho hulala tu. Hapo jamaa husema, “Mtoto huyu ni mpole, hasumbui watu.” Kumbe upole ule ni dalili ya hatari.

Dawa ya kwanza ya baridi hii haiuzwi dukani. Ni kifua cha mama. Mtoto akizaliwa na apanguswe upesi kwa kitambaa kikavu, awekwe juu ya kifua cha mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, nao wote wawili wafunikwe blanketi. Katika saa ya kwanza aanze kunyonya, kwa maana maziwa yale ya awali ni chakula, ni kinga, na ndiyo kuni za mwili wake. Kuoga kungoje. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe kabla ya saa 24 kupita. Mabibi na mashangazi wanaotaka aogeshwe mara moja wanafanya hivyo kwa upendo, lakini katika baridi ya Julai maji yale humwondolea joto ambalo bado hajalizoea kulitengeneza.

Jambo hili la kifua cha mama limepimwa kwa muda mrefu. Mwaka wa 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, tabibu Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao. Njia ile imeenea ulimwenguni, na mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto njiti au mwenye uzito mdogo abebwe hivyo muda wa saa 8 hadi 24 kila siku, kuanzia mara tu baada ya kuzaliwa. Mama akichoka, baba aweza kumpokea. Kifua cha mwanamume nacho kina joto la kumtosha mtoto.

Sasa kuna desturi moja ambayo haina budi kuachwa. Usiku ukiwa wa baridi kali, watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani kwa mzazi, wakafunga mlango na dirisha, na kuziba matundu kwa magunia. Makaa yawakayo mahali pasipo hewa hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na moshi usipoonekana mtu hudhani pana usalama. Sumu ile hushika damu ikaizuia kuchukua hewa safi, na aliyelala huenda asiamke. Kwa mja mzito hatari ni mbili, maana mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama mwenyewe. Jiko na libaki nje. Kama chumba kinahitaji kupashwa moto, moto uwepo kabla ya watu kulala, dirisha likiwa wazi kidogo, kisha litolewe.

Nguo nazo zina kiasi chake. Mtoto na avae nguo moja au mbili zaidi ya zile azivaazo mtu mzima katika chumba kile kile, pamoja na kofia na soksi. Asifunikwe uso, wala asikazwe kwa mablanketi hata ashindwe kupumua vema. Kipimo ni mkono wa mama: miguu na tumbo vikiwa na joto, mtoto yu salama, miguu ikiwa baridi, aongezewe joto, akitoka jasho, apunguziwe nguo.

Kazi hii huanza kabla ya kuzaa. Mafua makali humdhuru mja mzito kuliko mwanamke mwingine, kwa hiyo mwenye kikohozi asilale naye chumba kimoja, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kukaa katika moshi wa jikoni kutwa kucha hudhoofisha mapafu yake, na tena kumehusishwa na watoto kuzaliwa wakiwa wadogo, yaani wale wale ambao baridi huwashinda upesi. Uji, maharagwe, mayai na mboga za majani humpa nguvu, na vidonge vya madini ya chuma na foliki vinywewe kila siku kama alivyoagizwa kliniki. Chai ya moto ni tamu wakati wa baridi, ila ikinywewa pamoja na chakula huzuia mwili usiyapate madini yale. Afadhali iwe saa moja au mbili mbali na chakula.

Wageni wenye mafua na wangoje kwanza kabla ya kumbeba mtoto. Chanjo ya nimonia, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka wa 2011, hutolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kabla ya hapo ngao yake ni maziwa ya mama na uangalifu wa watu wa nyumbani.

Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishikwa na degedege, akiwa na homa, au mwili ukiwa baridi na mlegevu, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali usiku ule ule, naye abebwe kifuani ngozi kwa ngozi njia nzima, akinyonyeshwa kama aweza.

Mengi ya haya yako mikononi mwa baba. Mwenye shamba aweza kuziba nyufa za ukuta kwa udongo kabla ya Juni, akaacha dirisha lifunguke, na kuteka maji ili mkewe apumzike. Karani anayefanya kazi mbali na nyumbani aweza kupeleka fedha ya gari mapema, ikawekwa kando kwa ajili ya safari ya usiku. Usiku huo ukifika, asiwepo wa kuuliza nauli itatoka wapi.