Kibarua wa Mwaka Mzima

Hapa Isiolo, kama kwingineko Kenya, aajiriwaye hupewa jina mojawapo kati ya matatu: kibarua, mtu wa mkataba, au mwajiriwa wa kudumu. Kila jina lina haki zake. Ndiyo maana waajiri wengine hung'ang'ania lile la kwanza.

Mpishi wa hoteli au mchunga ngamia hufika kazini kila siku, mwaka mzima. Aombapo likizo, huambiwa, "Wewe ni kibarua tu." Huo ni uongo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kibarua ni yule alipwaye kila mwisho wa siku, asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zitimizazo mwezi 1, ajira yake hugeuka kuwa ya malipo ya mwezi. Mkataba wa miezi 3 au zaidi sharti uandikwe, na mwajiri ndiye apaswaye kuuandikisha. Siku 1 ya mapumziko katika kila 7, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka, si hisani ya tajiri.

Watajitetea kwamba biashara ni ndogo. Basi na waajiri wachache, wala wasiziponye hasara zao kwa jasho la maskini. Mfanyakazi naye awahi kazini na kutunza mali aliyokabidhiwa. Lakini uaminifu haudaiwi upande mmoja.

Enyi vijana, mtakapoajiriwa, ulizeni mkataba. Mtakapoajiri, utoeni kabla hamjaulizwa.