Fuvu tunalijua, Usangu hatuujui

Kila baada ya miezi michache ule ujumbe wa "Je, wajua?" unarudi kwenye simu yangu hapa Chimala: eti fuvu la Mkwawa limetajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919. Ni kweli. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa zaidi ya miaka 30: Gavana Edward Twining alilirudisha Kalenga mwaka 1954.

Watu wanaandika "duh!", wanasambaza, imeisha hiyo. Mimi hapo ndipo ninapogoma.

Chimala iko Usangu, na huwezi kumsimulia Mkwawa ukairuka Usangu. Kabla Wahehe hawajatisha, Wasangu wa ukoo wa Merere ndio waliokuwa wababe wa nyanda hizi, na Wahehe waliiga kwao mbinu za vita. Baadaye kibao kikageuka. Wahehe wakawafurusha Wasangu, Merere akaenda kujenga boma Utengule, kule Usafwa. Kwa hiyo Wajerumani walipomwandama Mkwawa baada ya kipigo walichopata Lugalo mwaka 1891, Wasangu walisimama na Wajerumani. Wakarudi kwao.

Sasa hapo ndipo stori inapoanza kuwa stori. Umefukuzwa kwenu, mgeni mwenye bunduki anakuambia twende nikurudishe. Utafanyaje? Swali hilo haliingii kwenye "Je, wajua?", maana yenyewe inataka shujaa mmoja, mzungu mmoja na mshangao mmoja.

Najua nitakachojibiwa: hayo mambo ya makabila yaache, usifukue makaburi. Mbona la Mkwawa tunalifukua kila siku kwa shangwe? Leo Mhehe na Msangu wanaoana, wanapanda basi moja kwenda Iringa na kutaniana njia nzima. Hawatapigana kwa sababu ya kitabu. Kinachoumiza ni kukumbuka nusu. Anayeachwa nje ya simulizi huishia kuitwa msaliti na watu wasiojua hata alikuwa amepoteza nini.

Na sisi wapenzi wa fasihi hatuna pa kujificha. Mulokozi alimpa Mkwawa tamthilia nzima, *Mukwava wa Uhehe*, mwaka 1979. Nataka na Merere apande jukwaani, ajitetee mwenyewe, tumzomee au tumlilie tukiwa tumeshamsikia. Wazee wenye simulizi hizo wanazidi kupungua, huku sisi tukihesabu "likes" za fuvu.

Basi, ndugu yangu, ukiutuma tena ule ujumbe, ongeza sentensi moja tu: Je, wajua Wasangu walikuwa wapi, na kwa nini? Usipokuwa na jibu, njoo Usangu uulize.