Kichefuchefu baada ya upasuaji: Je, harufu ya spiriti inasaidia kweli?

Mgonjwa ametoka salama chumba cha upasuaji. Nusu kaputi inaisha, mara tumbo linaanza kuchafuka. Hali hii huwapata karibu wagonjwa 3 kati ya 10, hasa wanawake, wasiovuta sigara na wanaochafukwa safarini.

Si usumbufu tu. Kutapika hukaza kidonda kilichoshonwa na kunaweza kumchelewesha mtu kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Ndipo tiba ya harufu inapoingia: mnanaa, tangawizi, au kile kijitambaa chenye spiriti aina ya isopropili kinachofutia ngozi kabla ya sindano. Mgonjwa anakinusa tu.

Inafanya kazi? Mwaka 2018, mtandao wa kimataifa wa watafiti, Cochrane, ulipitia tafiti 16 zenye washiriki 1,036. Spiriti hiyo ilituliza kichefuchefu haraka kuliko dawa za kawaida. Mnanaa haukuonyesha tofauti ya maana.

Lakini kuna utata. Utafiti wa 2004 wenye wagonjwa 33 ulilinganisha spiriti, mnanaa na maji ya chumvi yasiyo na harufu. Nafuu ilikuwa sawa kote. Huenda basi kinachosaidia ni kuvuta pumzi ndefu, taratibu.

Kwa hospitali yenye dawa chache, hiyo ni habari njema: pumzi haina bei. Ila tafiti nyingi ni ndogo, hivyo harufu ibaki msaidizi, si mbadala wa dawa. Kichefuchefu kikianza, mgonjwa asijikaze kimya. Amwambie nesi mapema.