Ustawi wa Jamii Upewe Kifungu Chake

Msimu wa bajeti ukifika, madiwani huvutana juu ya madarasa, zahanati na barabara za mitaa. Ni haki yao, ndiyo waliyoahidi majukwaani. Ustawi wa jamii hutajwa jioni, watu wamechoka, na hupewa kilichobaki. Mara nyingi huwa hakijabaki kitu.

Tuangalie tunachomdai afisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka awepo Mahakama ya Watoto inapoketi. Ndiye anayeandika ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ambayo hakimu anaisoma kabla ya kuamua mtoto akae na nani. Wanandoa wakigombana juu ya matunzo, wanapelekwa kwake. Mzee asiye na ndugu akilazwa, anaitwa yeye. Mtoto akiokotwa stendi usiku, simu yake ndiyo inayolia. Kata nyingi hazina hata mmoja, kwa hiyo aliyeko wilayani anazibeba zote, na akitaka kufika kijijini anasubiri gari la chanjo liwe linaelekea huko. Ofisini nako, msichana aliyebakwa anajieleza huku watumishi wengine wakiingia na kutoka kutafuta mafaili. Hiyo si huduma. Ni kumuumiza mara ya pili.

Wakati huohuo vijana waliosomea kazi hii, wakiwamo wahitimu wa Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, wanazunguka na vyeti.

Mipango kwenye karatasi haijakosekana. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, maarufu MTAKUWWA, ulianza 2017/18 na ukaagiza kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Wazo lilikuwa zuri: polisi, mwalimu, mganga, mwenyekiti wa mtaa na afisa ustawi wakae meza moja. Lakini mara nyingi palipokuwa na mradi wa mfadhili kamati zilikutana, na mradi ulipofungwa vikao vikalala. Mpango unaoishi kwa fedha za mgeni hufa siku mgeni anapoaga.

Kuna wanaosema dawa ni kupangua muundo. Kweli, umekaa vibaya: katika halmashauri ustawi umo ndani ya divisheni moja na afya na lishe, ilhali kisera, tangu Januari 2022, uko chini ya wizara iliyotengwa na ile ya Afya. Ila tukianza kupangua tutamaliza miaka mitatu tukigombea viti na magari. Tunachotaka ni chepesi kukieleza: kifungu cha ustawi wa jamii kwenye mapato ya ndani, chenye mafuta, nauli za mashahidi na chumba chenye mlango unaofungwa. Halmashauri maskini zitahitaji mkono wa Serikali Kuu. Majiji hayana kisingizio.

Kisha tubadili tunachohesabu. Ripoti za robo mwaka zimejaa idadi ya semina na washiriki. Tuambieni watoto wangapi walirudishwa nyumbani na bado wako huko baada ya miezi sita. Na anayepanga awaulize waliopita njia hiyo. Mama aliyefikisha kesi kwenye dawati la jinsia anajua inakwama wapi: kwenye fomu ya polisi ya PF3 iliyochelewa, au kwa shahidi aliyekosa nauli. Hayo huwezi kuyaona kwenye bango kitita.

Kubwa zaidi, huduma imsimamishe mtu. Mjane aliyefukuzwa kwenye nyumba ya mumewe anafika ustawi, anasikilizwa, anapewa barua. Mlango wa pili yuko afisa maendeleo ya jamii, anayesimamia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Hakuna anayemvusha. Mkopo unataka kikundi, naye hana kikundi. Basi anarudi mwezi ujao kuomba barua nyingine. Mpango wa kweli ungeandika ni nani anayemshika mkono kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili, na kwa siku ngapi. Hili halihitaji hata shilingi mpya.

Nawe msomaji, vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nenda, na ukitoka mtafute diwani wako umuulize mambo mawili: kifungu cha ustawi wa jamii kilitengewa shilingi ngapi mwaka jana, na ngapi zilitoka?