Dawa ya kuogeshea ng'ombe isipakwe mtoto mwenye upele

Ndugu mfugaji, ndugu mkulima, na wewe mwenye duka la pembejeo, leo tuweke kando kidogo habari za kupe na migomba, tuongee kuhusu ngozi ya binadamu. Mimi si daktari wa watu na sitajifanya kuwa daktari. Lakini dawa ninayotaka kuisema inapita mikononi mwetu sisi wa mifugo na kilimo. Tukinyamaza sisi, mtu wa zahanati atakuja kuisikia wakati mgonjwa ameshafika.

Jambo lenyewe mnalijua. Mtoto anajikuna usiku kucha, vipele vimejaa katikati ya vidole na kwenye makalio, mama hajalala siku tatu. Zahanati ni mbali, au mtu alikwenda akaambiwa dawa imeisha. Ndani ya nyumba kuna chupa ya dawa ya kuogesha, imebaki baada ya kunyunyizia ng'ombe. Mtu anajiambia, kama inaua kupe, itashindwaje na vidudu vya upele? Anachanganya kwenye beseni, anampaka mtoto kuanzia shingoni. Wengine hata ng'ombe hawana. Wanakwenda dukani kupimiwa vifuniko viwili kwenye chupa ya soda, bila lebo, bila maelezo. Nikiuliza kwenye mikutano ya vijiji, iwe Bukoba Vijijini au Muleba, watu hucheka kwanza, halafu mmoja anasema kwao ilifanyika.

Msimamo wangu ni kwamba hili likome, na mtu mwenye uwezo mkubwa wa kulikomesha ni muuzaji. Nitaeleza kwa nini.

Dawa za kuogesha mifugo ni sumu za aina mbalimbali. Kuna zile za jamii ya oganofosfeti, kuna zenye amitrazi, kuna zenye sipametrini na ndugu zake. Za oganofosfeti huua kupe kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Mishipa ya fahamu ya binadamu nayo hufanya kazi kwa njia inayofanana, ndiyo maana kwenye lebo unaambiwa uvae glavu na mabuti na usile wakati wa kunyunyiza. Sasa fikiri: mtu mzima anaambiwa isimguse mkononi, halafu mtoto anapakwa mwili mzima na kulala nayo.

Tena ngozi yenye upele si ngozi nzima. Imekunwa, ina michubuko, na pale kwenye michubuko dawa inaingia mwilini haraka. Ngozi ya sehemu za siri inapitisha zaidi kuliko ya mgongo, na upele unapenda sana huko. Mtoto naye, ukilinganisha na uzito wake, ana ngozi nyingi kuliko mtu mzima, kwa hiyo kipimo kilekile kinampiga yeye vibaya zaidi. Na kipimo chenyewe kiko wapi? Lebo inakupa mililita kwa lita za maji kwa ajili ya ng'ombe. Hakuna lebo ya dawa ya kuogesha iliyoandikwa kipimo cha mtoto wa miaka minne.

Najua jibu litakalokuja: "Mbona mimi nilipakwa nikiwa mdogo nikapona?" Inawezekana kabisa. Wapo pia waliopanda pikipiki miaka kumi bila kofia na wako hai. Dawa ileile, ikichanganywa nzito kidogo siku nyingine, kwa mtoto mwingine mwenye vidonda, inampeleka mtu Rubya au Ndolage akitoa mate na kuhangaika kupumua. Aliyepona ndiye anayesimulia kijiweni.

Kuna mtego mwingine ambao ni wa majina. Kwa watu ipo krimu ya permetrini ya asilimia 5, ni dawa nzuri ya upele. Mtu akisikia hivyo anasema, basi sipametrini ya ng'ombe ni hiyohiyo. Hapana. Majina yanafanana kama ya watoto wa baba mmoja, lakini ile ya ng'ombe ina nguvu tofauti na imetengenezwa kwa viyeyusho ambavyo havikukusudiwa ngozi ya mtu. Ivermektini nayo ni hivyo hivyo. Binadamu wana vidonge vyao, vya aina ile iliyogawiwa kwenye kampeni za usubi na matende sehemu mbalimbali za nchi, na mtaalamu huvitoa kwa uzito wa mtu. Sindano ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita moja. Ukikosea kidogo tu kwenye bomba la sindano umemzidishia mtu mara mbili au tatu. Sindano hiyo isimkaribie mtu, iwe kwa kuchoma, kunywa au kupaka.

Basi atumie nini? Dawa ya upele tuliyoizoea hapa kwetu ni BBE, ile ya maji meupe kama maziwa. Ni miongoni mwa dawa za bei nafuu na inafanya kazi ikitumiwa vizuri. Tatizo ni kwamba wengi hupaka pale panapowasha tu. Mtu mzima anaoga, anajikausha, anapaka kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, sehemu za siri, hata pale pasipowasha. Anakaa nayo saa ishirini na nne, anapaka tena bila kuoga, siku inayofuata anaoga. Inachoma kidogo, mjiandae. Kwa mtoto huchanganywa na maji kiasi sawa kwa sawa, na kichanga asipakwe mpaka zahanati imekuelekeza. Mama mjamzito naye aulize kwanza.

Na hapa ndipo wafugaji na wakulima wa Kagera wanapaswa kuelewa haraka kuliko watu wengine. Mnyauko wa migomba ulipoingia kwetu miaka ya 2000, tulijifunza kwa machungu kwamba kung'oa shina moja huku jirani anatumia panga lilelile bila kulipitisha kwenye moto ni kazi bure. Upele ni hivyo. Ukimtibu mtoto mmoja na kuwaacha wanne wanaolala naye kitanda kimoja, umetumia hela yako kumpumzisha wiki mbili. Nyumba nzima ipakwe siku moja, hata asiyewashwa, maana mtu anaweza kukaa na vidudu mwezi mzima kabla ya kuanza kujikuna. Mashuka na nguo za siku hizo zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi lisilofulika lifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu hadi wiki, vidudu vikikosa ngozi ya mtu vinakufa.

Baada ya hapo mtoto anaweza kuendelea kuwashwa wiki mbili, hata nne, ingawa vidudu vimeshakufa. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanasema BBE imeshindwa, wanaongeza, ngozi inaungua, inawasha zaidi, na safari ya kwenda kwenye chupa ya ng'ombe inaanza upya. Mkishamaliza matibabu, subirini. Vipele vipya vikiendelea kutoka baada ya wiki nne, rudini zahanati.

Lakini pia si kila muwasho ni upele. Choa, lile duara lenye ukingo mwekundu na magamba, ni fangasi, na BBE haliwezi. Linatibiwa na krimu ya klotrimazoli asubuhi na jioni kwa wiki mbili hadi nne, na unaendelea wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Mnakumbuka kupe wanavyozoea dawa mkiipunguza nguvu au mkiruka wiki za kuogesha? Fangasi aliyepakwa siku tano akaachwa naye hurudi. Mapunye ya kichwani kwa watoto wa shule ni fangasi pia, ila yamejificha kwenye mizizi ya nywele ambako krimu haifiki. Yanataka vidonge kwa wiki sita hadi nane, kutoka kwa mtaalamu.

Sasa zipo zile tyubu za mseto, tatu kwa moja, zinazouzwa kama dawa ya kila kitu. Ukisoma boksi utakuta dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na jina kama betamethasone au clobetasol. Hilo la mwisho ni steroidi. Inatuliza muwasho kwa siku mbili, ndiyo maana inasifiwa sana. Ila kwenye fangasi inazima wekundu huku fangasi akiendelea kutanuka kimyakimya, na ukiacha kupaka linarudi likiwa kubwa na halifanani tena na choa, hata mganga anashindwa kulitambua mara moja. Usoni inaleta chunusi na kufanya ngozi iwe nyembamba. Kwenye mapaja inaacha michirizi isiyofutika. Steroidi ina kazi yake, kwa mfano kwenye pumu ya ngozi, kwa muda uliopangwa na aliyekupima. Dada zetu wanaoipaka usoni ili wang'ae, sina maneno mengi, angalieni tu waliotangulia.

Ndugu muuzaji, nakurudia wewe. Najua mteja anakuja na shilingi elfu moja na hataki hotuba. Najua usipompimia wewe, atakwenda duka la pili. Hata hivyo, ukimimina dawa ya kuogesha kwenye chupa ya soda umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinamlinda, yaani lebo. Kesho chupa hiyo iko chini ya kitanda na mtoto ana kiu. Uza chupa iliyofungwa, muulize mteja ana ng'ombe wangapi, na akisema ni ya upele wa mtoto, mwelekeze duka la dawa. Hutapoteza mteja kwa hilo. Nimeona wauzaji wanaoheshimiwa kijiji kizima kwa sababu husema "hii sikuuzii".

Dawa za watu zina mahali pake. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia Ruvuma mwaka 2003 hasa kwa ajili ya vijijini kama kwetu, ambako famasi haipo, ukaenea mikoa mingine. Anayehudumia pale amepata mafunzo, na kibali kinatakiwa kionekane ukutani. Kiangalie. Tyubu iliyotandazwa juani kwenye mnada tangu asubuhi hujui imebaki na nguvu gani.

Kuhusu majani, sitagombana na bibi zetu. Kuoga maji yaliyochemshwa na mubirizi kwenye ngozi isiyo na kidonda hakujanishtua. Kubandika majani yaliyopondwa na udongo kwenye kidonda kibichi ndiko nakataa, kwa sababu ya pepopunda. Na funza asimwagiwe mafuta ya taa. Atolewe kwa pini safi ya mtu mmoja, kidonda kioshwe kwa sabuni.

Yapo mengine ambayo hayataki duka lolote. Baka lililopauka au jekundu ambalo ukiligusa kwa unyoya mtu hasikii, hilo linaweza kuwa ukoma, na matibabu yake hayalipiwi. Malengelenge yenye maumivu makali upande mmoja wa mwili ni mkanda wa jeshi. Mkoa wetu ndio ulioripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, tumezika vya kutosha, kwa hiyo tusione aibu kupima siku hizi ambapo dawa zipo. Ngozi ikivimba, ikawa ya moto na mgonjwa ana homa, msisubiri kesho.

Na kama mtu ameshapakwa dawa ya ng'ombe, hata kama ni leo asubuhi, fanyeni hivi. Mvueni nguo zote, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, na nywele pia, na anayemwosha avae glavu au mifuko mikononi. Ikiwa imeingia machoni, yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika kumi na tano. Msimpe maziwa, msimtapishe. Akianza kutoa mate na jasho jingi, kutapika, kutetemeka, mboni za macho zikawa ndogo kama kichwa cha pini, au pumzi ikawa nzito, hiyo ni dharura, tafuteni pikipiki au gari wakati huohuo. Na chupa yenye lebo mwende nayo hospitali, maana daktari atataka kujua ni sumu ya jamii gani kabla hajachagua dawa ya kuipinga.