Wanaopambwa Kabla ya Kufa

Umezuka mtindo miongoni mwa wahakiki wa fasihi wa kuvibeza vitabu vya vijana, hasa vile vinavyobuni nchi ya kutisha ya siku zijazo na kuijaza mavazi, vipodozi na watu mashuhuri. Husemwa kwamba hizo ni hadithi za wasichana wapenda mapambo, na kwamba fasihi yenye uzito haishughuliki na rangi ya mdomo. Mimi nasema dharau hiyo ndiyo iliyowaachia wafanyabiashara uwanja, nao wameuchezea wapendavyo.

Tuitazame The Hunger Games, riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins iliyotoka mwaka 2008. Katika nchi ya Panem, kila mwaka wilaya 12 hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya televisheni mpaka abaki mmoja. Lakini kabla ya kuuana, watoto hao hupambwa. Huoshwa, hung'olewa malaika, huvikwa na wabunifu wa mavazi, hupitishwa mbele ya umati juu ya magari ya farasi, kisha huketishwa na mtangazaji ili wapendwe. Kwa maana asiyependwa hapati mfadhili wa kumpelekea dawa wala chakula uwanjani. Hapo ndipo mwandishi alipoona mbali. Ameonyesha kwamba umaarufu katika jamii ya namna ile si tuzo bali ni sehemu ya machinjo yenyewe. Katniss, binti wa mchimba makaa ya mawe, asipopendeza atakufa. Ni mwanamuziki gani kijana wa leo, ahesabuye mashabiki wake kila asubuhi, asiyeitambua sheria hiyo?

Sasa na yatazamwe yaliyotendeka. Mwaka 2013, filamu ya kitabu cha pili ilipotoka, kampuni ya CoverGirl iliuza vipodozi kwa jina la Capitol, yaani mji wa watesaji, pamoja na urembo maalumu wa kila wilaya, hata zile zinazokufa njaa! Mwaka huo huo Trish Summerville, mbunifu wa mavazi ya filamu hiyo, alitoa nguo zilizouzwa na duka la Net-a-Porter kwa jina la Capitol Couture. Msichana aliyekwisha kusoma jinsi watoto wanavyopakwa rangi kabla ya kuuawa akauziwa rangi hiyo hiyo. Ubepari haukuwa na haja ya kukichoma kitabu. Ulikipangia rafu dukani.

Mwandishi naye hawezi kuepuka lawama yote. Cinna, mshonaji wa gauni la moto, ndiye mwungwana kuliko wote katika hadithi, na uasi wa Katniss huwaka kwanza katika pindo la nguo. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye duka akaingia.

Wapo watakaosema basi vitabu hivi vipigwe marufuku. Sisi njia hiyo tuliwahi kuipita katika mavazi. Operesheni Vijana, iliyotangazwa na Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1968, ilikataza sketi fupi, mawigi na mafuta ya kujichubua, na waliosumbuliwa mitaani ni wasichana waliovaa.

Tena wasomaji wa vitabu hivi si wajinga kama wahakiki wanavyodhani. Jeshi la Thailand liliponyakua madaraka mwezi Mei 2014, waandamanaji wa Bangkok waliokota katika hadithi hii ishara moja tu: vidole vitatu vilivyoinuliwa, ambavyo kwa watu wa wilaya ya Katniss ni shukrani, heshima na kumuaga umpendaye. Watawala wakaonya kwamba mwenye kuionyesha aweza kukamatwa. Novemba mwaka huo, mjini Khon Kaen, wanafunzi watano walisimama mbele ya Prayuth Chan-ocha, jenerali aliyeyaongoza mapinduzi, wakainua vidole. Vazi lao lilikuwa fulana zenye maneno ya kuyakataa mapinduzi hayo. Walikamatwa palepale.