Puli nyepesi haipandishi gari mlima wa Mbamba Bay

SAFU: BARABARA ZETU
Na Tasiana Ndunguru

Dereva mmoja wa Probox, kijana anayeshuka Mbamba Bay alfajiri na kurudi Mbinga na abiria pamoja na ndoo za usipa, ameniuliza swali ambalo limezunguka sana vijiweni: "Mama, wanasema nikifunga puli ya alumini gari itachanganya haraka. Niagize?" Anaizungumzia ile puli ya rangi, nyekundu au bluu, inayofungwa mahali pa puli ya chuma iliyo mbele ya krenki, ile inayozungusha mkanda wa alteneta na pampu ya maji. Jibu langu ni hapana. Usiagize, mwanangu, na kama imeshafika usiifunge.

Anachokitafuta nakielewa. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo inaanzia kwenye mita 1,300 hivi na kuendelea hadi kukaribia 2,000. Katika zile kilomita 66 za lami gari hupanda zaidi ya mita 800 likiwa limejaa, na kadiri linavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mtu anayetoka ufukweni na gari lenye pumzi, kisha akajikuta kwenye kona za juu yuko gia ya pili na mguu umegota chini, akiambiwa kuna kipande cha alumini kitakachomrudishia nguvu, lazima atasikiliza. Wauzaji wanalijua hilo.

Tupige hesabu basi. Tuseme puli ya chuma ina kilo 2 na ya alumini ina nusu kilo. Kilo moja na nusu imeondoka kwenye kitu kinachozunguka, na ni kweli injini itapandisha resi kwa wepesi zaidi. Lakini ukikokotoa kwa gia na tairi za gari kama Probox, faida yake ukiwa gia ya kwanza ni sawa na kushusha mzigo wa kilo 10 hivi, yaani nusu debe ya mahindi. Gia ya nne faida hiyo haifiki hata kilo 1. Tena hiyo ni faida ya wakati wa kuchanganya tu. Gari likishashika mwendo mmoja, uzito wa puli hauongezi wala haupunguzi chochote, na mlima wetu hupandwa kwa mwendo mmoja, gia moja, dakika nyingi. Abiria mmoja akishuka na mzigo wake, gari litapata nafuu kubwa kuliko puli hiyo itakavyoweza kulipa maisha yake yote.

Hasara ndiyo inayonitia wasiwasi. Wengi wanaiona ile puli ya chuma kama gurudumu la kuzungusha mkanda, basi. Itazameni vizuri ikiwa imefunguliwa: kuna kitovu cha ndani kinachokaa kwenye krenki, kuna pete nzito ya nje, na kati yake kuna mpira uliobana pande zote mbili. Mpira ule umewekwa kwa makusudi. Kila silinda inapowaka huisukuma krenki kwa kishindo, na krenki, ijapokuwa ni chuma kigumu, hujisokota kidogo na kujirudisha. Injini ya silinda 4 ikiwa kwenye resi 3,000 hupata vishindo 100 kila sekunde. Kuna resi ambazo vishindo hivyo hukutana na mtikisiko wa krenki yenyewe, na hapo msokoto hukua. Pete ya nje, kwa uzito wake, hubaki nyuma kidogo, mpira hunyumbuka, na mtikisiko huishia humo kama joto. Wahandisi walijifunza jambo hili kwa machungu, magari ya kwanza ya silinda 6 yalipoanza kukata krenki mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1910 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya kifaa cha kuutuliza mtikisiko huo.

Puli ya alumini ya kipande kimoja haina mpira na haina pete ya nje. Mtikisiko unabaki kwenye krenki. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya Probox na ya IST nyingi, pampu ya oili iko hapohapo mbele na inazungushwa na krenki yenyewe. Cheni ya taimingi nayo iko hapo. Injini fupi ya silinda 4 inaweza kuvumilia muda mrefu bila dalili yoyote, na ndiyo maana utasikia watu wakiapa kwamba wamefunga na hawajaona tatizo. Lakini mwenye Mark II ya silinda 6, au Land Cruiser ya 1HZ, ana krenki ndefu inayojisokota zaidi, na huyo namsihi asijaribu kabisa.

Baadhi ya puli hizi, juu ya wepesi, zina kipenyo kidogo ili alteneta na pampu ya maji zizunguke polepole na zisile nguvu ya injini. Hapo ndipo mlima unapokusubiri. Uko gia ya pili, joto la ziwani bado halijaisha, upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo kwa sababu gari linatambaa, halafu pampu inasukuma maji pungufu. Gari litachemsha. Silinda hedi ikipinda, gharama yake hailinganishwi na ya puli. Na usiku wa mvua, taa, waipa na feni vikiwa vimewashwa pamoja, alteneta iliyopunguzwa mwendo itaanza kula betri.

Kuna wanaostahili puli hizi. Gari la mashindano hufunguliwa injini mara kwa mara, beringi hukaguliwa, na mwenye gari anajua anachokitoa na anachokipata. Probox ya kubeba watu haina nafasi hiyo.

Sasa fedha ile iende wapi? Ianzie kwenye puli yenyewe. IST za kwanza zilitoka kiwandani kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo mpira ulio ndani ya puli zake una karibu miaka 20 ya joto na oili, na Probox nyingi umri wake ni huohuo. Chukua wino mweupe wa kufutia, chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye kitovu hadi pete ya nje, kisha endelea na safari zako wiki mbili. Ukirudi ukakuta mstari umekatika, nusu iko huku na nusu kule, pete imeteleza na puli hiyo imekwisha. Tazama pia kama mpira umepasuka au umechomoza, na kama puli inayumba injini ikiwa imewashwa. Ikiwa hivyo, nunua ya aina ileile yenye mpira, kisha uzibue rejeta na ubadilishe thamostati.

Kwenye 1NZ bolti ya puli hukazwa kwa torki ya 128 N·m, na kipimo hicho hakipatikani kwa bomba refu na nguvu za bega. Ikilegea, puli hucheza na kula kii ya krenki. Gereji za Mbinga zinazohudumia magari ya ziwani zichangie hata spana moja ya torki ya kuazimana, na walimu wa VETA Songea wawaonyeshe wanafunzi puli iliyokufa mpira ikiwa mkononi. Na wale ambao ya alumini imeshafungwa, puli yao ya zamani kama ni nzima bado iko gereji au uvunguni. Wairudishe kabla ya msimu wa kahawa, magari yakianza kupakiwa hadi juu ya keria.